Namna ya kuanza upentesta wa web kama uko L'shi na mega zako ni za kuhesabu

Badogo mingi bananiulizaka swali moja tu: yaya, nianze wapi? Nikijibu banachukia kidogo, juu banangoja nibape jina la programu fulani ya kudaunlodi leo usiku na kesho asubui bakuwe mahaka. Haiko vile. Basi naandika hapa yote mara moja, hatua kwa hatua, kwa muntu anayeanza kutoka sifuri hapa Lubumbashi, awe anasoma pa chuo cha informatiki Salama, awe pa chuo kikuu cha UNILU, ao awe nyumbani tu na mashini ya zamani.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Pentesta wa web ni muntu ambaye mwenye saiti anamuita, anamulipa, anamuambia jaribu kuvunja hii kitu yangu mbele wezi hawajafika, kisha uniandikie ulipitia wapi na nizibe namna gani. Siku nyingi unashinda unasoma maombi na majibu ya seva mpaka macho inauma, kisha unaandika. Ile dakika ya kuvunja inakuwaka fupi sana. Kama haupendi kusoma wala kuandika, kuna kazi ingine mingi mu informatiki, kuweka mitandao ya ofisi, kamera, kutengeneza masaiti, na hakuna haya ndani yake.

Kitu ya pili, video mingi za kufundisha hii kazi zinafanywa na muntu mwenye fibra nyumbani, RAM 32, umeme haukatiki. Weye uko Katuba ao Ruashi, SNEL inaleta umeme saa inayotaka yenyewe, mega za intaneti unanunua za siku, na mashini ni ya RAM 4 uliyoachiwa na yaya yako. Ukifuata ile video vile ilivyo utachoka mu mwezi wa kwanza, na haitakuwa juu ya kichwa chako. Mimi nasema hivi: kuna aina ya matundu (makosa ya saiti ambayo mwizi anaweza kupitia) ambayo haiombi mega mingi wala mashini kubwa, inaomba kichwa na karatasi, na kwa bahati njo aina hiyohiyo inayoongoza mu masaiti ya sasa. Nitafika pale mu hatua ya 4, na hatua tatu za mbele zinakupeleka kule.

Hatua ya 1: jenga kasaiti kamoja na mikono yako

Hapana kuanza na kuvunja. Weka XAMPP ao Wamp mu mashini, programu zinazogeuza mashini yako kuwa seva, chukua PHP (lugha ya kuandika saiti) na MySQL (databezi), jenga ka duka kadogo: muntu anajiandikisha, anaingia, anaona maoda yake, anapandisha picha, na kuna ukurasa wa admin. Iwe mbaya kwa macho, hakuna shida. Fanya hivyo mwezi moja ao mbili. Faida yake ni kwamba utajua pahali ambapo developa anachokaka, na pahali anapochoka njo matundu yanazaliwa.

Mfano, siku ya kuandika kodi (code) ya muntu kuingia mu konti yake, utaona kishawishi cha kuunganisha tu maneno hivi:

SELECT * FROM users WHERE email='$email'

Inatumika vizuri, unafurahi. Kisha andika weye mwenyewe mu ile kisanduku ya email alama ya ' moja tu, uone namna databezi inalalamika. Ile kelele inasema kwamba kitu muntu aliandika imeingia mpaka ndani ya amri yenyewe, haikubakia data. Pale njo SQL injection inaanzia. Kisha andika upya kodi yako na maombi yaliyotayarishwa mbele (prepared statements), yenye nafasi za kuweka data pembeni, jaribu tena ile alama, utaona imekuwa herufi ya kawaida tu. Muntu aliyefanya hivyo mara moja haisahau, na siku ya kumuambia patroni "ziba hivi" atakuwa anajua anachosema.

Pale pale fungua Firefox, bonyeza F12, nenda mu Réseau kama brauza yako iko mu Kifaransa, na angalia kila kliki inatuma nini. Yaweke mu kichwa: GET na POST (kuomba ukurasa na kutuma data), heda (maelezo yanayotangulia ombi), kuki (alama ndogo brauza inabeba ili seva ikutambue), sesheni (muda seva inakukumbuka tangu umeingia), na zile nambari za majibu. 200 iko sawa, 302 inakupeleka kwingine, 404 hakuna, 500 seva imeanguka ndani. 401 na 403 bantu mingi banachanganya: 401 ni seva inasema sikujui weye ni nani, 403 ni nakujua lakini hapa hauingii. Ile tofauti itakulisha siku moja.

JavaScript jifunze ya kutosha kusoma, Python ya kutosha kuandika ka skripti ka mistari makumi mbili. Zingine zitafuata.

Hatua ya 2: vyombo, na usijaze mashini

Chombo kikubwa ni proksi, ile programu inayokaa katikati ya brauza na seva, kila ombi linapita pale, unalisimamisha, unalibadilisha, unalitumia tena. Burp Suite Community ni ya bure, ZAP nayo ni ya bure kabisa. Chukua moja. Mimi nashauri Burp juu masomo mingi yameandikwa nayo. Inasikiliza pa 127.0.0.1 mlango 8080, na siku hizi iko na brauza yake ndani, hauna lazima ya kuhangaika na setifiketi siku ya kwanza. Tumia vitu viwili kwanza: historia ya proksi na Repeater. Bonyeza Ctrl+R juu ya ombi, linaenda mu Repeater, pale unalibadilisha na kulituma mara unazotaka. Pentesta mzima anaweza kuishi mu Repeater. Intruder, ya kutuma ombi moja mara mingi yenyewe, iko pia mu ile ya bure lakini wameifanya pole pole makusudi.

Burp Pro inapita dola 400 kwa mwaka, hauihitaji sasa. Na ile "Pro ya bure" inayozungukaka mu magrupu ya Telegram, acha. Unataka kazi ya usalama, unaanza kwa kuweka mu mashini yako programu iliyovunjwa na muntu haumujui, ambayo kazi yake ni kuona kila neno la siri linalopita? Fikiri kidogo.

Kali Linux sasa. Kila muntu anaitaka juu ya ile picha ya dragoni. Kali ni Debian iliyojazwa vyombo, na faili yake ya kuweka inakaribia giga 4. Kwa mega za hapa, hizo giga 4 ni masomo ya wiki mingi. Burp inatumika mu Windows, inatumika mu Ubuntu. Kali utaiweka siku fulani ukiwa pa muntu mwenye Wi-Fi nzuri, haichelewi kitu. Na nmap (ya kuskani, ni kusema kutafuta milango ya seva iliyo wazi), ffuf (ya kutafuta kurasa zilizofichwa), sqlmap (ya SQL injection), jifunze baadaye, moja moja, ukiwa na lazima nayo. Nmap iko hata na seva yao ya kujizoeza, scanme.nmap.org, walisema wenyewe unaruhusiwa kuiskani kwa kiasi, basi skani ile na hapana ya jirani.

Hatua ya 3: pahali pa kujizoeza bila kugusa kitu ya muntu

Namba moja ni Web Security Academy ya PortSwigger, wale wale wenye kutengeneza Burp. Bure, masomo na maabara. Maabara yanafungukia mu brauza, hayakuli mega sana. Iko mu Kiingereza, na hapa nasema ukweli hata kama haupendezi: bila kusoma Kiingereza utabakia nyuma. Sisemi ukizungumuze, nasema ukisome. Kama Kifaransa njo kinakubeba kwa sasa, anza na Root-Me, ni ya Bafaransa, iko na mazoezi mingi ya web. TryHackMe iko na sehemu ya bure pia, nzuri kwa muntu ambaye hajui hata Linux.

Kwa zile saa hakuna konekshoni, weka DVWA ndani ya ile XAMPP yako. Ni saiti ya PHP iliyotengenezwa ikiwa na matundu makusudi, unapandisha ugumu pole pole. Juice Shop ya OWASP (shirika la dunia la usalama wa masaiti) ni nzuri zaidi na inafanana na masaiti ya leo, lakini ni nzito kidogo, daunlodi mara moja pa Wi-Fi ya chuo na baadaye haiombi intaneti.

Panga siku kufuatana na umeme, hapana kufuatana na saa. Umeme uko: maabara. Umeme haupo: simu, na mwongozo wa OWASP wa kupima masaiti, WSTG, toleo la 4.2 liko PDF ya bure, lidaunlodi mara moja tu. Unasoma sura, unaandika ku kaye (daftari) maswali ya kujaribu umeme ukirudia. Hii inakuwa hata nzuri kuliko kukaa mbele ya skrini masaa kumi ukibonyeza-bonyeza, nimeona badogo bananyanyuka haraka juu walilazimishwa kufikiri mu giza.

Na maabara ikikushinda, hapana kukimbilia jibu mu dakika kumi. Lala nayo. Ukisha kuona jibu, funga, urudilie peke yako siku inayofuata.

Hatua ya 4: chagua matundu ya "nani anaruhusiwa nini"

Hapa njo moyo wa mambo. OWASP inatoaka orodha ya hatari kumi kubwa za web. Mu ile ya 2017, injection ilikuwa ya kwanza na ruhusa zilizovunjika zilikuwa ya 5. Mu ile ya 2021 ruhusa zilipanda mpaka namba 1. Sababu inaeleweka. Vyombo vya kisasa vya kutengeneza masaiti vinazuia injection mingi vyenyewe, ukitumia vizuri. Lakini hakuna chombo kinachojua kwamba faktiri namba 1042 ni ya Mama Chantal na haiko ya Papa Kabwe. Hiyo ni developa peke yake anajua, na anasahau. Skana, ile programu ya kutafuta matundu yenyewe, nayo haijui, juu kwa skana ukurasa uliofunguka na 200 ni ukurasa mzuri tu. Kwa hiyo muntu mwenye kichwa na kaye anamushinda muntu mwenye skana ya makuta mingi. Na mega? Ombi moja ni kilobaiti chache.

Unafanya hivi. Tengeneza konti mbili, A na B, mu maabara ao mu saiti uliyopewa kwa maandishi. Ingia na A, fanya kila kitu A anaweza: nunua, badilisha namba ya simu, chukua faktiri, futa. Kila kliki inabakia mu historia ya Burp. Kisha chora ku karatasi meza: pembeni, kushuka chini, unaandika vitendo, yulu unaandika mgeni bila konti, B, A, admin. Kila kisanduku unajiuliza: huyu anapaswa kuweza? Na jaribu.

Tuseme A anaona faktiri yake hapa:

GET /facture/1042

Peleka mu Repeater, toa kuki ya A, weka kuki ya B, tuma. Ukipata 403, vizuri. Ukipata faktiri ya A, umepata tundu, na tundu kubwa, juu kama namba zinafuatana 1043, 1044, muntu anaweza kuchukua faktiri za bote. Kisha toa kuki kabisa, tuma bila kuki. Utashangaa mara ngapi inafunguka.

Wengi banaachaka pale. Weye endelea:

Badilisha tendo. Kusoma kumezuiwa, lakini kufuta? Jaribu PUT ao DELETE pahali pa GET, lakini hii ni ku konti zako mbili tu, hapana kufuta kitu ya muntu.

Angalia ndani ya mwili wa ombi. Kama kuna "user_id": 77 mu JSON (namna ya kupanga data mu ombi), seva inaamini ile namba ao inaamini sesheni? Weka 78, ambayo ni B yako.

Kuna uwanja wa role ao is_admin mu jibu wakati unaangalia profili yako? Basi ongeza ule uwanja mu ombi la kubadilisha profili, hata kama formu haiuonyeshi. Developa mwenye haraka anapokea yote na kuandika yote.

Ukurasa wa admin umefichwa mu menyu, lakini anwani yake? Soma mafaili ya JavaScript, anwani zote zimelala mule.

Na kama ukurasa wenyewe umefungwa, jaribu API nyuma yake, ule mlango ambao programu zinatumia kuzungumuza na seva. Mara mingi /admin/clients inatoa 403 na /api/clients inatoa yote bila kuuliza kitu, juu mlango wa mbele ulifungwa na muntu mmoja na API iliandikwa na mwingine kwa ajili ya programu ya simu.

Kama namba zimekuwa ndefu na haziwezi kukisiwa, zile UUID, hapana kukata tamaa, tafuta pahali pengine saiti inazionyesha: mu komenti, mu orodha ya bantu, mu kiungo cha kushirikisha.

Ukishazoea kwa mkono, kuna kipande cha kuongeza mu Burp kinaitwa Autorize, cha bure, kinarudilia kila ombi lako na kuki ya B kimyakimya wakati weye unatembea mu saiti na A. Kinaomba Jython juu kimeandikwa mu Python. Lakini fanya kwanza kwa mkono, la sivyo utasoma zile rangi zake za matokeo bila kuelewa.

XSS (kuingiza JavaScript yako mu ukurasa bengine banafungua), SSRF (kuifanya seva itume maombi pahali unapotaka weye), kupandisha mafaili, yote utajifunza mu Academy, sikatazi. Nasema tu anza hapa, ukuwe muzuri hapa, juu miezi sita ya kitu moja inakutofautisha na bantu wanaojua kidogo-kidogo kila kitu.

Hatua ya 5: karatasi mbele ya kidole

Mu Congo kuna sheria ya mambo ya numerike, Code du numérique, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Kuingia mu mfumo wa muntu bila ruhusa ni kosa la kuazibiwa, na "nilikuwa najizoeza" haiko jibu mbele ya OPJ, ule polisi mpelelezi. Sheria haiulizi kama ulichukua kitu, kuingia tu kunatosha kukuletea matatizo. Basi saiti ya banki, ya chuo chako, ya mjomba mwenye duka, hapana kugusa mpaka kuwe karatasi iliyosainiwa. Na asaini mwenye kitu, hapana kijana wa informatiki aliyekuambia "endelea tu, patroni anajua".

Ile karatasi iandike: majina ya saiti na anwani zitakazopimwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, masaa, vitu vilivyokatazwa kama kuangusha seva ao kudanganya batumishi, namba ya simu ya kuita kama kitu inaanguka, na nani ataona matokeo. Kitu moja bantu wanasahau: kama saiti imekaa pa hosti (kampuni inayoweka masaiti mu seva zake) ya kushirikiana na masaiti mengine, mwenye saiti hana haki ya kukupa seva nzima, angalia masharti ya hosti na uombe kwao pia.

Kama umekutana na tundu bila kutafuta, mfano ulikuwa unalipa kitu na ukaona faktiri ya mwingine, simama pale pale. Hapana kufungua ya pili "kuhakikisha". Tafuta /.well-known/security.txt mu ile saiti, ni utaratibu uliowekwa 2022 mu RFC 9116 wa kuonyesha nani wa kuandikia. Kama haupo, andikia anwani ya kawaida, eleza kwa heshima, na usiombe makuta. Ukiomba makuta mbele ya kueleza, mu macho yao weye ni mwizi anayetisha, na hawajakosea sana.

Tena jitayarishe, bantu wakijua unafanya hii kazi watakuja kila mara: kaka, ingia mu WhatsApp ya bibi yangu. Nifungulie Facebook ya fulani. Jibu ni hapana, hata kama ni shemeji, hata kama anaonyesha dola mkononi.

Hatua ya 6: jifunze kuandika ripoti tangu leo

Kila maabara ukimaliza, andika ripoti yake kama vile kuna patroni anangoja. Hii njo itakayokupa kazi kuliko diploma, juu muntu wa kuajiri anaweza kuisoma mu dakika tano na kuona namna unavyofikiri.

Kichwa kiseme jambo lenyewe. "Tatizo la usalama mu faktiri" haisemi kitu. "Mteja yeyote aliyeingia anaweza kusoma faktiri za wateja wote kwa kubadilisha namba mu anwani" inasema yote, patroni hana lazima ya kuendelea kusoma ili aogope. Kisha andika pahali, hatua za kurudilia moja kwa moja pamoja na ombi na jibu, picha za skrini ambazo majina ya bantu yamefunikwa, madhara mu lugha ya biashara, na namna ya kuziba. Mu madhara hapana kuongeza chumvi. Kuna kipimo cha ukubwa wa tundu kinaitwa CVSS, kutoka 0 mpaka 10, jifunze kukihesabu, lakini andika pia sentensi moja ya kawaida: nani anapoteza nini.

Namna ya kuziba isiwe "ongeza usalama". Iwe: seva ilinganishe mwenye faktiri na mwenye sesheni kila mara mbele ya kujibu, ku kila anwani inayotoa faktiri, pamoja na API ya simu.

Lugha? Kwa patroni wa hapa, Kifaransa safi, kwa majukwaa ya nje Kiingereza, na Kiswahili njo utakitumia siku ya kueleza mu mkutano, pale mwenye kampuni anakuangalia na kusema, sasa mtoto yangu, niambie bila hizi maneno za kizungu, tumeibiwa ao hatujaibiwa?

Hatua ya 7: makuta yanatoka wapi

Bagi baunti, ile ya kampuni kuweka saiti wazi na kulipa anayepata matundu: HackerOne, Bugcrowd, Intigriti ya Bubeleji, YesWeHack ya Bafaransa. Mu 2019 kijana wa Argentina wa miaka 19, Santiago Lopez, alikuwa wa kwanza kupitisha dola milioni moja mu HackerOne, na alijifunza peke yake. Ile habari ni ya kweli na imeharibu bantu mingi, juu kila muntu anajiona Lopez. Unaweza kukaa miezi bila kulipwa, unapata tundu, wanakujibu dupliketi, maana yake mwingine alileta mbele yako, na haupati kitu. Ichukue kama shule ya bure ya masaiti ya kweli yenye ruhusa ya kweli, hapana kama mshahara wa kulipa nyumba. Soma mipaka ya kila programu mstari kwa mstari, na mbele ya kutoa jasho angalia njia za malipo zinazokubali konti ya Congo. Uwe na konti ya banki ya dola yenye jina sawa na la kitambulisho chako, herufi kwa herufi, mambo mengi yanakwamia pale.

Njia ninayopenda zaidi kwa muntu wa hapa ni ya kuzunguka kidogo: ingia kwanza kama developa ao fundi wa mifumo, kwa staji, pa kampuni ya mgodi, banki, mtandao wa simu, shirika, popote. Kule ndani utaona masaiti mengi ya ndani ambayo hakuna aliyewahi kuyapima. Uombe kwa maandishi kupima moja. Ripoti nzuri moja inabadilisha cheo chako. Na kama ungali chuoni, TFC yako, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, iwe hii: jenga ao chukua mfumo wenye ruhusa, upime kwa kufuata WSTG, uzibe, upime tena. Hiyo ni TFC na ni cheti cha kazi kwa mara moja.

Mitihani ya vyeti sasa. BSCP ya PortSwigger ni dola 99, masaa 4, ni ya web tupu, lakini kuifanya inaomba uwe na Burp Pro, basi hesabu yote pamoja. OSCP inajulikana sana, inapita dola 1500, na mtihani wake ni karibu masaa 24 mfululizo mbele ya kamera, kisha ripoti. Ukifika pale, mbele ya kulipa, fikiria umeme na konekshoni ya siku mbili: jenereta, laini mbili za kampuni mbili tofauti, ao pa muntu mwenye solari. Na tafazali, hapana kuuzisha friji ya mama juu ya OSCP wakati maabara ya bure haujamaliza nusu. Maliza Academy, andika ripoti kumi na mbili nzuri, kisha tuzungumuze juu ya mitihani.

Hatua ya 8: patroni wa kwanza

Anaweza kuwa mwenye duka la vifaa Kampemba mwenye saiti ya WordPress, ao shule. Hesabu bei kwa siku za kazi, hapana kwa idadi ya matundu, juu ukilipwa kwa tundu utaanza kuongeza vidogo vidogo visivyo na maana, na usipopata kitu kazi umefanya hata hivyo. Chukua nusu mbele, kwa M-Pesa, Airtel Money ao dola mkononi, na ukipokea dola angalia kama hazijapasuka kona, unajua mwenyewe hapa hakuna atakayezipokea.

Siku ya kazi, muombe patroni nakala ya saiti, nakala safi isiyo na wateja ndani, ukiweza kuipata ni bora kuliko kupima ile inayouza. Omba pia backup ifanyike mbele yako, na uone kwa macho kwamba inafunguka. Andika saa ya kila kitu unachofanya, juu saiti ikianguka saa nane kwa sababu ya hosti, watasema ni weye. Kama umepata tundu kubwa sana, usingoje ripoti ya mwisho, piga simu siku hiyo hiyo.

Ripoti itume imefungwa na neno la siri, na lile neno lipitie njia ingine, ukituma faili kwa email, neno lipeleke kwa simu. Wape wiki tatu ao nne za kuziba, kisha unarudia kupima tena yale uliyoandika, hii iwe imo mu bei tangu mwanzo. Kila tundu unaandika limezibwa, limezibwa nusu, ao lingali wazi, na kwa yale ya nusu unaonyesha ombi lililopita. Ukimaliza, futa data zote za yule patroni mu mashini yako, historia ya Burp, picha, konti za kupimia, bakisha nakala moja ya ripoti iliyofungwa kama mkataba unakuruhusu, na umuandikie ka barua kafupi ka kusema umefuta nini na tarehe gani, pamoja na faktiri ya nusu iliyobakia.